Plasta ya Bega si Bega Jipya

Katika kambi zetu yapo maumivu yanayoheshimiwa na yapo yanayodharauliwa. Askari akivunjika mguu, jirani huja kumjulia hali, mkubwa wake humpa siku za kupumzika, na watoto hukatazwa kumrukia. Lakini askari ambaye bega lake limetoka na kurudishwa siku hiyo hiyo huonekana mzima. Hana gongo, hana kidonda, na baada ya majuma mawili wenzake humwuliza kwa nini hashiki kamba siku ya mashindano ya kuvutana. Naye, kwa kuogopa kuitwa goigoi, hushika. Wahenga walisema kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Na bega lililopata kutoka lina kovu asiloliona mtu.

Kwa sababu hiyo, ndugu wasomaji, nimeona yafaa leo tuzungumze juu ya bega lisilotulia, na hasa juu ya ile plasta ambayo vijana wengi wanaocheza raga, mieleka, judo na mpira wa miguu huitegemea kama hirizi. Sina nia ya kuikashifu plasta. Mimi mwenyewe huifunga, na aghalabu imesaidia. Nia yangu ni kueleza kazi yake ni ipi na mwisho wa kazi hiyo ni wapi, ili familia zetu zisije zikapoteza mkono wa mtu kwa ajili ya mchezo wa Jumamosi moja.

Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya elimu ya wilaya. Kabla ya kuja ofisini nilifundisha shule ya msingi kwa cheti cha ualimu, na mazoezi ya viungo yalikuwa sehemu ya kazi yangu. Huko ndiko nilikojifunza kufunga vifundo vya miguu, vidole na mabega ya wachezaji, kwa mkono wa mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija kutufundisha walimu wa michezo. Sikutazamia kuwa elimu ile ingekuja kuhitajiwa zaidi nyumbani kuliko shuleni, kwa mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye ni askari polisi na mchezaji wa raga hapa Jinja.

Raga si mchezo mgeni tena katika nchi yetu. Mwaka 2007 timu ya taifa ya Uganda ilitwaa Kombe la Afrika, na mwaka 2018 timu yetu ya wachezaji saba ilifika San Francisco, Marekani, kushindana katika Kombe la Dunia. Vijana wanaupenda, na askari wanaupenda zaidi, kwa kuwa unataka nguvu, utii na moyo wa kumlinda mwenzako. Lakini ni mchezo wa kugongana, na katika kugongana bega ndilo linalotangulia.

Jinsi bega lilivyoumbwa

Ili tufahamu plasta yafaa kwanza tulifahamu bega. Kiungo cha nyonga kimeumbwa kama mchi uliozama katika kinu. Mpaka mchi utoke, sharti pawe na kishindo kikubwa. Bega si hivyo. Bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha chai. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kishimo kinachokipokea, kilichomo katika kombe la bega, ni kidogo tena hakina kina. Ukingo wa kishimo hicho umezungushiwa gegedu ili kukiongezea kina kidogo, kisha upo mfuko wa kano unaofunika kiungo chote, na juu yake ipo misuli minne inayokumbatia kichwa cha mfupa kwa mbele, kwa juu na kwa nyuma.

Faida ya umbo hilo ni uhuru. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachozunguka kama bega. Kwa bega hilo hilo tunapiga saluti, tunalima, tunachota maji, tunajikuna mgongo na kumbeba mtoto. Lakini uhuru huo una gharama yake, nayo ni kwamba chungwa huweza kuteleza kisahanini.

Zaidi ya mara tisa katika kumi bega huteguka kwa mbele. Hali ya hatari ni pale mkono unapokuwa umeinuliwa kwa upande na kiganja kimerudi nyuma, kama mtu anayetaka kutupa jiwe. Mchezaji wa raga ananyosha mkono kumkamata mwenye mpira anayepita kasi ubavuni mwake. Uzito wa yule anayekimbia unauchukua mkono kuurudisha nyuma, na kichwa cha mfupa kinasukumwa mbele mpaka kinavuka ukingo. Golikipa huumia namna hiyo hiyo anapouangukia mkono ulionyooka. Askari naye huumia anapomshika mtuhumiwa mkono na mtuhumiwa akajipindua ghafula.

Kichwa cha mfupa kinapotoka hakitoki peke yake. Mara nyingi hubandua gegedu ya ukingo wa mbele, na huvuta kano mpaka zikalegea. Daktari mmoja Mwingereza, Bankart, alilieleza jeraha hilo la ukingo mwaka 1923, na hata leo linaitwa kwa jina lake. Gegedu hiyo ikibanduka, mara nyingi hairudi kushikamana mahali pake. Ndiyo sababu bega likishatoka mara moja kwa kijana, mlango umebaki wazi. Kwa vijana wa chini ya miaka 20 wanaorudi katika michezo ya kugongana, zaidi ya nusu yao bega hutoka tena. Kwa watu waliopita miaka 40 hatari ya kurudia ni ndogo zaidi, lakini wao wana hatari nyingine, ya kuchanika ile misuli inayolikumbatia bega. Basi mzee asiyeweza kuinua mkono majuma kadhaa baada ya bega kurudishwa asiambiwe kuwa ni uzee tu.

Saa ya kwanza

Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 19 bega lake la kulia lilipotoka kwa mara ya kwanza, kabla hajaingia polisi. Mtu mmoja aliyekuwa pembeni mwa uwanja alivua kiatu, akamwekea kisigino kwapani, akauvuta mkono kwa nguvu. Bega likarudi kwa mlio, watazamaji wakapiga makofi, na kijana akasimama akicheka. Njia ile si ya jana wala juzi. Mganga wa Kiyunani Hippocrates, aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliieleza. Tena kwa mabega yaliyozoea kutoka alieleza jinsi ya kuchoma kwapa kwa chuma cha moto ili kovu likaze. Tumshukuru Mungu kwamba sisi tunayo plasta.

Lakini makofi yale hayakuwa matibabu. Hakuna aliyepiga picha ya eksirei kujua kama mfupa umevunjika kabla ya kuvutwa. Hakuna aliyechunguza mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inayopita kwapani. Hapa kwetu Busoga, na kwa jirani zetu Waganda wanaowaita abayunzi, wapo waunga mifupa wenye sifa kubwa, nami siwadharau, kwani wamewasaidia wengi. Lakini jicho halioni ufa ulio ndani ya mfupa, na mkono wenye ufa ukivutwa huweza kukatika.

Basi bega likitoka, uwe uwanjani au nyumbani, usilivute. Mwache mgonjwa aushike mkono wake katika hali ile isiyomwumiza sana, mwekee mto au shuka iliyokunjwa kati ya mkono na ubavu, na uufunge kwa kitambaa cha pembe tatu kinachoning'inia shingoni. Barafu iliyofungwa katika kitambaa hupunguza maumivu. Usimpe chakula wala chai, kwa sababu hospitalini huenda akahitaji dawa ya usingizi. Kisha mpapase polepole upande wa nje wa bega, mahali pale ambapo askari hushona beji ya kikosi. Akisema hapasikii, au pamekufa ganzi, huenda mshipa wa fahamu umeumia. Aghalabu hupona, lakini sharti daktari aambiwe. Shika pia kifundo cha mkono usikilize mapigo ya damu, na utazame rangi ya vidole. Mkono uliopoa na kupauka ni jambo la dharura lisilongoja hata dakika moja.

Plasta inafanya kazi gani?

Bega la mdogo wangu lilitoka kwa mara ya pili baada ya miaka mitatu, akiwa amekwisha kuwa askari. Safari hii alipelekwa hospitali, akapigwa picha, likarudishwa kwa utaratibu, na mkono ukafungwa shingoni kwa majuma matatu. Juma la sita akaja kwangu na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na plasta mbili mpya, ameshazinunua kwa fedha yake.

"Dada," akaniambia, "nifunge tu. Jumamosi tuna mchezo mkubwa, na wenzangu wananingoja."

Nikamwambia kuwa plasta ninayo hata mimi, tena ya kutosha. Asicho nacho ni bega.

Alinuna, nami nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Plasta ina kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya kamba ya mbuzi. Mbuzi aliyefungwa hula majani, huzunguka, hulala, lakini akitaka kufika kwenye mahindi ya jirani kamba humzuia. Plasta iliyofungwa vema huuacha mkono ufanye kazi yake, lakini unapokaribia ile hali ya kutupa jiwe huukaza na kuurudisha. Kazi ya pili ni ukumbusho. Plasta huvuta ngozi, na mvuto huo humwambia mchezaji mahali mkono wake ulipo bila yeye kuutazama, naye hujihadhari kwa wakati.

Lakini mbuzi akivuta kutwa, kigingi hulegea. Uchunguzi uliofanywa juu ya vifundo vya miguu umeonyesha kuwa plasta hupoteza sehemu kubwa ya mkazo wake katika nusu saa ya kwanza ya mchezo, na bega ni gumu kulifunga kuliko kifundo, kwa kuwa linazunguka zaidi na kwapa hutoa jasho. Mchezo wa raga ni dakika 80. Kwa hiyo plasta iliyofungwa chumbani si ile ile iliyopo uwanjani katika dakika ya sabini, wakati ambapo misuli nayo imechoka.

Vijana wengi siku hizi hupenda zile plasta za rangi, nyembamba na zenye kuvutika sana. Zilibuniwa na Kenzo Kase wa Japani katika miaka ya 1970, na zilienea duniani baada ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008. Nazo huweza kukumbusha ngozi na kutuliza maumivu kidogo, lakini kwa kuwa huvutika hazina nguvu ya kuuzuia mfupa. Vivyo hivyo fulana zenye mito mabegani. Hupunguza michubuko, lakini hazishiki kiungo.

Namna ya kulifunga bega

Yaandaliwe haya: plasta nyeupe ngumu isiyovutika, yenye upana wa sentimita 3.8, plasta nzito ya kuvutika, yenye upana wa sentimita 7.5, plasta laini ya kutangulia ngozini, shashi, na mkasi wenye ncha butu. Nywele za kifuani, begani na mkononi zinyolewe siku moja kabla, ili vijidonda vya wembe vipate kupona. Ngozi ioshwe kwa sabuni na kukaushwa kabisa. Ngozi yenye mafuta au jasho haishiki kitu. Mtu ambaye ngozi yake huwashwa na plasta asifungwe moja kwa moja.

Mchezaji asimame, aweke mkono kiunoni, kiwiko kikiwa kimekunjwa na mbele ya mkono ikigeukia ndani kuelekea tumboni. Akaze misuli ya mkono kama anayeonyesha ubavu wake. Jambo hili wengi hulisahau. Mkono ukifungwa ukiwa umelegea, utakapokazwa uwanjani plasta itaunyonga. Chuchu ifunikwe kwa shashi, na kipande kingine kiwekwe kwapani.

Kisha huwekwa nanga mbili. Ya kwanza huzunguka mkono katikati ya kiwiko na bega, kwa plasta ya kuvutika, bila kuivuta. Ya pili huanzia kifuani, hupita juu ya bega karibu na shingo, na kushuka mpaka chini ya kombe la bega mgongoni. Baada ya hapo chukua plasta ngumu. Kipande cha kwanza kianzie kwenye nanga ya mkono kwa mbele, kipande juu ya bega kwa mshazari mpaka nanga ya mgongoni. Cha pili kianzie nyuma ya mkono, kije mbele mpaka nanga ya kifuani, vikatane juu ya bega kama herufi X. Rudia mara tatu au nne, kila kipande kikifunika nusu ya kilichotangulia. Plasta ngumu isizungushwe mkono mzima kama pete. Daima pawe na mwanya.

Mwisho ni ule mkanda mrefu wa kuvutika, nao ndio moyo wa kazi yote. Huanzia upande wa nje wa mkono, hupita mbele ya mkono kwenda kifuani, hupita chini ya kwapa la pili, huzunguka mgongo, na kurudi juu ya bega lililoumia. Mwelekeo huo ni muhimu, kwa sababu huugeuza mkono ndani, mbali na ile hali ya hatari. Ukizungushwa kinyume utausaidia mfupa kutoka.

Ukimaliza, pima. Mchezaji aweze kunyosha mkono mbele na kuuinua mpaka usawa wa bega, lakini asiweze kuurudisha nyuma kama mrushaji. Bonyeza ukucha wake mpaka uwe mweupe, kisha uache. Wekundu urudi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Akihisi ganzi au vidole vikapoa, plasta ikatwe mara moja, hata kama filimbi imekwisha kupigwa. Baada ya mchezo itolewe siku hiyo hiyo, polepole, ngozi ikishikiliwa kwa mkono wa pili, na mafuta kidogo ya kupikia yakitumika kulainisha gundi.

Kamba ya kuanikia nguo

Siku ile sikumfunga. Nilimwekea masharti matatu, nayo ninayarudia hapa kwa kila mzazi, mke au mkuu wa timu anayeombwa plasta. Sharti la kwanza, mkono ulioumia uweze kwenda kila mahali unapokwenda mwenzake bila maumivu, na mchezaji aweze kuweka kiganja kisogoni bila kuingiwa na hofu kwamba bega linataka kutoka. Hofu hiyo si woga wa mtoto, bali ni kiungo kinachosema. Sharti la pili, nguvu ya mkono huo isipungue sehemu tisa katika kumi za nguvu ya mwenzake. Sharti la tatu, awe amefanya mazoezi ya kuanguka na kukaba kwa hatua, kwanza na gunia, kisha na mtu, na daktari au mtaalamu wa viungo awe amemruhusu. Masharti hayo hutimizwa kwa miezi, hayatimizwi kwa majuma.

Mdogo wangu hakuwa na hata moja kati ya hayo. Akaondoka na mfuko wake, akafungwa na mchezaji mwenzake katika chumba cha kubadilishia nguo, akacheza dakika zote 80, na bega halikutoka. Jumapili alikuja kwangu kula, akauinua mkono mezani mbele ya wote. Hakusema neno, alitabasamu tu. Nami sikusema neno, kwani mtu aliyeshinda hana sikio.

Siku ya Alhamisi, jioni, mawingu ya mvua yalitanda juu ya ziwa. Wifi yangu alikuwa jikoni, mtoto amelala. Mdogo wangu akatoka nje kuanua sare yake iliyokuwa kambani. Akainua mkono wa kulia kuchomoa vibanio, upepo ukaivuta shati upande wa nyuma, naye akaifuata kwa mkono. Bega likatoka. Majirani walimkuta amepiga magoti kwenye majani, ameushika mkono kwa mkono mwingine, mvua inamnyeshea.

Hakukuwa na mpinzani pale, wala plasta. Hilo ndilo ninalotaka wasomaji walishike hata kama watasahau mengine yote. Plasta hukaa begani kwa muda wa mchezo, lakini bega hukaa na mtu saa ishirini na nne. Kuna kuvuta blanketi usiku, kuna kufikia dumu la maji juu ya kabati, kuna kumrusha mtoto hewani akicheka. Na kwa askari kuna kazi yenyewe: kupanda ukuta, kushika ngao, kumvuta mwenzake katika gari, na kupokea kitako cha bunduki katika bega hilo hilo la kulia. Siku bega litakapotoka kazini, si yeye peke yake atakayekuwa hatarini, bali na yule anayemtegemea ubavuni.

Sisi tunaofunga mizigo kwenye baiskeli tunalijua jambo hili. Mpira wa kufungia huushika mkungu wa ndizi vizuri sana maadamu keria ni nzima. Keria ikiwa imekatika, hata ukiongeza mipira kumi, mkungu utaanguka barabarani.

Kuitengeneza keria

Picha za mara ya tatu zilionyesha kwamba mfupa wa ukingo wa mbele umeanza kumeguka, na kichwa cha mfupa wa mkono kimepata bonde kwa nyuma pale kilipogongana na ukingo. Ndivyo ilivyo kawaida: kila bega linapotoka hula kidogo cha kile kinacholizuia lisitoke. Daktari alimweleza kwa utulivu kuwa mwenye mabega ya namna hiyo huweza kwanza kujaribu mazoezi, na wapo wanaofanikiwa, lakini kwa kijana anayetaka kugongana, mwenye mfupa uliokwisha kumeguka, upasuaji ndio njia ya kuaminika zaidi. Zipo namna mbili kubwa. Moja ni kuishona ile gegedu irudi kwenye ukingo wake. Nyingine, iliyoelezwa na Mfaransa Latarjet mwaka 1954, ni kuhamisha kipande kidogo cha mfupa wa kombe la bega, pamoja na msuli wake, na kukipachika mbele ya kishimo kama kizingiti.

Mdogo wangu alichagua upasuaji. Hakuchagua kwa furaha. Aliogopa kuonekana mgonjwa kazini, na aliogopa zaidi kuwa jina lake litafutwa katika timu. Nilimshauri apeleke barua ya daktari kwa mkubwa wake asiifiche mfukoni. Naye akapewa kazi ya dawati kwa miezi kadhaa. Wakubwa wengi ni waelewa wanapoelezwa kwa maandishi. Asiyeelezwa ndiye anayempanga mgonjwa katika doria ya usiku.

Mazoezi yaliyofuata hayakuhitaji fedha. Mkono ulipotoka shingoni na mtaalamu wa viungo akaruhusu, tulikata tyubu ya ndani ya baiskeli, tukaifunga kwenye nondo ya dirisha. Alisimama ubavu kwa dirisha, kiwiko kimebana taulo iliyokunjwa ubavuni, akavuta tyubu kuelekea tumboni, kisha siku nyingine akageuka na kuivuta kuelekea nje. Hiyo ndiyo misuli inayoliweka chungwa kisahanini, na askari wengi huisahau kwa kuwa haionekani kwenye kioo. Wao hujenga kifua kwa pushapu mia na kuacha nyuma ya bega ikiwa dhaifu. Baadaye alisukuma ukuta, kisha meza, kisha sakafu. Alianza kwa dakika kumi, asubuhi na jioni. Wifi yangu ndiye aliyekuwa mwalimu mkali kuliko mimi. Alikuwa akihesabu huku anapepeta mchele, na akidanganya hesabu alimrudisha mwanzo.

Katika mwezi wa saba baada ya upasuaji alitimiza masharti yote matatu, na daktari akamruhusu. Ndipo nilipofungua plasta. Lakini sikuifunga mimi. Nilimfundisha wifi yangu, hatua kwa hatua, naye akajifunza upesi kwa kuwa mikono yake imezoea kufunga mbeleko. Sasa siku ya mchezo humfunga mumewe kabla hajatoka nyumbani, humbonyeza ukucha, huhesabu moja, mbili, kisha humwacha aende. Katikati ya mchezo mkanda wa juu hukazwa tena. Jioni huutoa kwa mafuta.

Hivyo, ndugu wasomaji, nawaomba mambo machache. Vijana, bega likitoka kwa mara ya kwanza lichukulieni kama mfupa uliovunjika: hospitali, picha, mapumziko, mazoezi, na subira. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakuu wa timu za vikosi, msimsifu mchezaji anayerudi uwanjani mapema kuliko ilivyoamriwa, kwa sababu sifa hiyo ndiyo inayowaumiza wanaomfuata. Na akina mama na akina dada mlioko makambini, mkiombwa kufunga plasta, fungeni kwa ustadi, lakini ulizeni kwanza: je, anaweza kuweka mkono kisogoni bila hofu? Kama hawezi, wekeni plasta kabatini, mkateni tyubu ya baiskeli.